Mwanamke wa Mashine Hayuko

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asinitafutie sifa katika habari hii. Wakati wa vita vile, kule Butembo, nilianza kuogopa asubuhi kabla sijanawa uso. Niliogopa bottes, zile buti za askari, barabarani, niliogopa mbwa wakinyamaza kwa pamoja, niliogopa hata kicheko kikubwa, maana siku zile aliyecheka kwa sauti kubwa mara nyingi alikuwa na bunduki. Watu walisema utazoea tu. Wapi! Sikuzoea hata siku moja.

Nilikuwa sekretari kwenye bureau, yaani ofisi, ya afya ya kanisa letu. Papa pasteur, mchungaji mkubwa wetu, alipotuletea kompyuta ya kukunja kutoka Kampala, alinipa mimi. "Weye njo uko na vidole vyepesi, mama," alisema. "Ujifunze, na sisi utatufunza." Pamoja nayo kulikuwa na CD zenye programu na vitabu vya mafundisho, na mimi nikajifunza kwa ukaidi, saa za mchana, groupe, jenereta yetu ya umeme, ikiwaka. Basi mtaani wakaanza kuniita mwanamke wa mashine. Jina lile nililifurahia kwa miezi michache tu.

Kisha wakamchukua fundi wa redio wa mtaa wa pili. Waliokuwa wanashika mji walihitaji watu wanaojua vyombo, wakaja na gari mchana kweupe, na mke wake akabaki ameshika bisibisi mlangoni. Hakurudi. Toka siku ile, mtu akiulizia mwenye kujua mashine, mimi nilikuwa sijui hata kuwasha taa.

Wiki ileile mzee wetu wa phonie, ile redio kubwa ya kuongea na vituo vya mbali, alinigeukia akiwa na kikombe cha kusikilizia sikioni. Sauti kutoka mji wa Beni ilikuwa inakatika na kukaanga kama mahindi. "Beni banauliza," aliniambia. "Kuna mwanamuke wa mashine kwenu?"

Hata sikuuliza nani anauliza. Nilitikisa mikono yote miwili mbele yake. "Sema hayuko, papa. Sema hayuko!"

Mzee alinitazama, akabonyeza kitufe. "Hapana, Beni. Mwanamuke wa mashine hayuko."

Niliketi, nikanywa chai yangu ikiwa imepoa. Niliona nimejiokoa.

Mwezi mmoja baadaye yaya yangu, dada yangu mkubwa, alifika uani kwangu kwa miguu. Yeye ni mjane, alikuwa analima kule upande wa Mbau. Alikuwa amefungua kanga ya mgongoni mwake na ndani hamkuwa na mtoto, kulikuwa na sufuria. Nilimuuliza binti yake yuko wapi, binti wa miaka sita, na yaya akakaa chini palepale kwenye maganda ya ndizi.

Risasi zililia sokoni, alisema. Mtoto alikuwa ameshika kikwembe chake, watu wakasukumana, alipotazama nyuma mkono ulioshika kikwembe ulikuwa wa mtoto mwingine. Wengi walikimbilia Beni. Yeye wimbi lilimsukuma porini mpaka Kamango, akavuka mpaka, akazunguka kwa upande wa Uganda hadi kunifikia. Alikuwa ameuliza kila mtu njiani. Mwanamke mmoja alimwambia kwamba pale Beni kuna kituo cha kanisa kinachoandika watoto waliopotezana na wazazi, na kwamba mtoto kama huyo alionekana mlangoni pake.

Tuliita Beni kwa phonie siku hiyohiyo. Mama msimamizi wa kituo alijibu mwenyewe. Watoto walikuwa wamegawanywa kwa familia za wakulima, huku na kule, ili wasikae wengi mahali pamoja. Karatasi za majina walizichoma, kwa sababu askari walianza kuingia na kusoma majina. Orodha ilibaki ndani ya kompyuta tu. Kompyuta ilikuwa imekufa, inawaka lakini haifunguki, na aliyeijua, kijana aliyeandika orodha, alikuwa amekimbilia Uganda. Juu ya hayo, commandant, mkubwa wa askari wa pale, alikuwa ameipenda mashine. Alisema Ijumaa saa kumi watu wake watakuja kuichukua kwa bureau yake, na aliweka askari mlangoni usitoke hata msumari.

"Jina la mutoto?" mama aliuliza.

Yaya alilitaja. Kwetu Wanande jina la kwanza linafuata zamu ya kuzaliwa, na binti wa pili wa kila nyumba analo jina moja na binti wa pili wa jirani.

"Mama, niko nao makumi," alisema yule msimamizi. "Ni orodha njo ilikuwa inasema huyu ni wa nani na iko wapi."

Ilikuwa Jumatatu. Yaya alinishika mkono, akaubana mpaka mifupa ikasemezana. "Weye unajua mashine," aliniambia. "Donc basi, fungua ile."

Nilitaka kumwambia sijui. Nilikuwa nimelizoea neno lile.

Nieleze kazi yenyewe, nayo si ngumu kuelewa kama umewahi kukimbia. Kompyuta ikishindwa kufunguka, mara nyingi vilivyoandikwa ndani bado vizima, ila ile programu kubwa ya kuiamsha imeharibika. Unaweza kuiamsha kwa programu nyingine, ndogo, iliyoko kwenye diskette, kile kibamba kidogo cha plastiki cha kuhifadhia maandishi. Ya Beni ilikuwa bado inasoma diskette. Sasa diskette ni mfuko mdogo sana. Unaweka moyo wa mfumo kwenye moja, na kwenye ya pili unaweka mzizi, yaani zile faili chache ambazo bila hizo moyo hauna pa kusimama: programu ya kwanza ya kuamka, amri za kusoma na kutazama, na majina ya vyombo, huyu ndiye disque, ghala la maandishi yote, huyu ndiye kioo. Basi. Kila kitu kingine unaacha.

Nani Butembo hakujua kufunga mzigo wa kukimbia? Chumvi, sufuria, karte ya kitambulisho, kikwembe kimoja. Ukibeba kitanda utakufa nacho. Hivyo ndivyo nilivyoufunga mzizi ule. Nilifungua folda tupu, nikaanza kuweka kitu kimojakimoja huku najiuliza: bila hiki, tutalala njaa? Kama jibu ni hapana, kinatoka. Kulikuwa na programu moja ndogo inayofanya kazi za amri hamsini, na hiyo niliibusu kwenye kioo, kweli, papa pasteur akaniona akacheka.

Lakini mashine ya kujaribia iko Beni, na kule nitapata saa moja ya umeme, si zaidi. Kwa hiyo nilitumia programu nyingine inayojifanya kompyuta. Unaiwasha ndani ya kompyuta yako, na kwenye dirisha moja unaona mashine ya uongo inaamka, inatafuta diskette, inasoma, inaishi au inakufa. Ikifa haumii mtu. Katika mji wote ule ndicho kitu pekee kilichoweza kufa bila mtu kulia.

Jumanne ilikufa mara tisa. Iliandika kwa Kiingereza kwamba imeshikwa na panique, yaani hofu. Nilipomtafsiria yaya alikohoa, kicheko chake cha kwanza tangu afike. "Hata ile nayo?" alisema. Alikuwa anakaa kando yangu kutwa, bila kula, mikono mapajani, anatazama kioo asichokijua kusoma. Mlio wowote barabarani ulitufanya sote wawili tugeuke mlangoni pamoja. Nilikuwa natoa jasho la kwapa mpaka blauzi inanata, si kwa joto, Butembo ni baridi. Nilikuwa nafikiria gari la mchana kweupe.

Jumatano nikaligundua kosa, na nilijipiga kofi la paji. Niliweka sufuria, nikasahau mafiga. Programu ya kwanza ilikuwa inategemea faili nyingine ambazo sikuzipakia, na ile mashine ya uongo ilikuwa inaamka, inanyoosha mkono, haigusi kitu, inakufa. Nilitafuta ile isiyotegemea chochote, nikaiweka. Alhamisi alasiri dirisha dogo likaandika mistari, likasimama, likanipa alama ya kusubiri amri. Nilikuwa nimetengeneza disque ya uongo yenye orodha ya uongo, majina ya kuku wangu. Nikaandika amri ya kuishika bila kugusa kitu, kisha amri ya kusoma. Kuku wote wakatokea.

"Imefunguka?" yaya aliuliza.

"Ya uongo imefunguka," nilimjibu. Mungu anisamehe, nilitamani isifunguke, nisipande ile barabara.

Ijumaa asubuhi tulipanda gari la kanisa kwenda Beni, papa pasteur akiendesha. Kompyuta ya Kampala tuliiacha, ingeishia kwenye barrière ya kwanza, kizuizi cha askari barabarani. Diskette mbili nilizifunga ndani ya vitambaa vyangu vya mwezi, katikati kabisa ya furushi. Siku zile mtu akikutwa na kitu asichokielewa askari, yeye ni mpelelezi, na hakuna hakimu. Kwenye barrière ya tatu askari alituamuru kushuka. "Nini oyo?" alisema, akaingiza mkono kwenye furushi. Niliona vidole vyake vinaelekea katikati.

Yaya ndiye aliyesema, kwa sauti ya mama mkwe: "Ni vitambaa vya wanawake, mwanangu. Na havijafuliwa."

Askari alirusha furushi chini kana kwamba limemuuma, wenzake wakamcheka, na tukapanda. Nilitapika dirishani kabla hatujafika kona. Yaya alinipangusa mdomo.

Tulifika Beni saa nane na nusu, tukiwa tumebaki na saa moja na nusu. Mlangoni mwa kituo askari mmoja alikuwa anasinzia kwenye kiti, bunduki kati ya magoti. Mama msimamizi alimwambia tumekuja kusafisha mashine ya commandant isimpe aibu, akatuingiza, akawasha groupe. Kwa mbali, upande wa Mbau, kulikuwa na milio, dum, kimya, dum. Sikujua kama yaya alikuwa anaisikia. Nilijua mimi nilikuwa naihesabu.

Nikaingiza diskette ya kwanza. Ikasoma, ikakoroma. Ikaomba ya pili. Nikaingiza. Mistari ikapanda kioo, ileile ya Butembo, mpaka alama ya kusubiri amri. Niliimba wimbo wa sifa moyoni. Kisha nikaanza kuandika amri ya kushika disque, inayoanza na m, na kwenye kioo ikatoka nukta mkato.

Nikafuta. Nikabonyeza m tena, taratibu. Nukta mkato. Nikabonyeza a, ikatoka q. Nikabonyeza w, ikatoka z. Nilidhani ni diskette imeingia vumbi, au mashine imeharibika zaidi, au Mungu ananijibu kwa ile tamaa yangu ya jana.

"Ki?" yaya aliuliza. "Kuna nini?"

"Herufi zinatoka kombokombo."

"Juu ya nini?"

"Sijui, yaya! Sijui!" Nilipiga kelele, na askari nje akasogeza kiti. Tukanyamaza wote.

Nikaitazama keyboard, na kumbe. Ni sisi wenyewe, watu wa kati. Vitu vyetu vya dukani vinatoka Kampala na vimepangwa kwa Kiingereza. Vitu vya misioni vinatoka Ulaya na vimepangwa kwa Kifaransa, na a yao inakaa mahali pa q ya wengine. Mzizi wangu niliufungia kwenye mashine ya Kampala, ulijua mpangilio wa Kampala tu. Ile mashine ya uongo ilinidanganya kwa unyofu kabisa: kila kitu ilikijaribu isipokuwa vifungo vyenyewe. Na faili ya kugeuza mpangilio niliitoa mzigoni Jumanne, mimi mwenyewe, kwa sababu bila hiyo hatungelala njaa.

Dawa ilikuwa rahisi kwa mtu asiyeogopa: sahau maandishi ya vifungo, peleka vidole pale vilipozoea kwenye kompyuta ya Kampala. Nilijaribu. Lakini macho ya mwoga hayatulii, yalikuwa yanarudi chini kusoma, na vidole vinayafuata. Mara nne nilikosea. Mama msimamizi alitazama saa, akatoka kwenda kusimama mlangoni.

Yaya alifungua kitambaa cha kichwa chake. Alikuwa amenitazama siku nne, hajui kusoma, lakini alijua nilikuwa siangalii chini kule Butembo. Alikitandaza juu ya mikono yangu na keyboard yote, kama mtu anayefunika bugali isipoe.

"Andika sasa," alisema. "Uko nyumbani."

Niliandika. Amri ya kushika ikapita. Amri ya kutazama ikapita. Faili ilikuwepo. Nikaisoma ukurasa kwa ukurasa, kichwa cha yaya kikiwa begani mwangu, wazi bila kitambaa, na nywele zake nyeupe nilizokuwa sijaziona.

Binti wa pili wa fulani, Oicha. Binti wa pili wa fulani, hajulikani. Binti wa pili, ndugu yake amekufa. Nilikuwa nasoma kwa sauti ndogo ili mama akumbuke familia, na papa pasteur anaandika kwenye kiganja chake, wale wote tulioweza, si wetu tu. Saa tisa na dakika arobaini nikafika kwake. Jina la mama yake lilikuwa jina la yaya yangu.

"Wa Mbau," nilisoma. "Miaka sita. Kovu ku goti la kushoto. Amepelekwa Mabalako, kwa shemasi mwenye shamba la mihogo, karibu na kisima cha kituo cha afya."

Yaya alitoa sauti ambayo sitaiandika. Alianguka magotini akashika miguu yangu, na mimi nikaendelea kutazama kioo, kwa sababu mstari ulikuwa haujaisha.

Mstari uliendelea hivi: mtoto anasema ana mama mdogo Butembo, kwenye bureau ya kanisa, anafanya kazi na mashine. Butembo wameulizwa kwa phonie. Wamejibu hayuko.

"Kuna neno ingine?" yaya aliuliza kutoka chini.

"Hapana," nilisema. "Njo mwisho."

Nikazima, nikazitoa diskette zangu; bila hizo orodha ilibaki imefungwa. Watu wa commandant walikuja saa kumi kamili, wakaibeba mashine, mmoja wao akanitazama na kuuliza kama mimi ndiye fundi. Nilisema mimi ni mfagiaji. Papa pasteur alitazama chini.

Papa pasteur na yaya walienda Mabalako Jumapili, barabara ilipotulia. Mimi nilirudi Butembo, nikasema nina kazi. Walirudi na mtoto siku ya Jumatano, amekonda, amevaa gauni la mtoto mwingine, na yaya alikuwa amembeba mgongoni ingawa miguu ya mtoto ilikuwa inakaribia kuburuzika chini. Tulikula. Tuliomba. Majirani waliingia na kutoka, wasingya, wasingya, kila mtu anashukuru. Mimi nilikuwa napika tu, sikai.

Kesho yake alasiri yaya alikuwa anachambua maharagi uani. Mtoto aliingia chumbani, akaona kompyuta ya kukunja mezani, akaigusa kwa kidole kimoja.

"Mama mudogo, njo ile mashine yako?"

"Njo hii."

"Nilibaambia," alisema. "Nilibaambia uko Butembo, uko na mashine. Balisema hauko."

Maharagi yakaacha kulia kwenye ungo. "Banani balisema?" yaya aliuliza kutoka nje.

Ningeweza kumtaja mzee wa phonie. Ningeweza kusema ni sauti iliyokatika, ni vita, ni commandant. Yote yalikuwa tayari mdomoni, yamefungwa vizuri kama mzigo.

"Ni miye," nilisema. "Baliuliza, na miye njo nilisema hayuko. Niliogopa, yaya."

Yaya hakuinuka. Mwezi mzima wa mtoto wake ulikuwa pale kati yetu, na niliona anaupima. Kisha akatupa jiwe moja dogo kutoka kwenye maharagi, akatafuta lingine.

"Kesho utamupeleka ku masomo weye mwenyewe," alisema. "Mutapita pa barrière. Na mutu akiuliza, useme uko."

Nilimpeleka. Pale barrière askari alikuwa mmoja, macho mekundu, akauliza mtoto huyu ni wa nani. Mtoto alikuwa ameshika mkono wangu, lakini hakumtazama askari. Alinitazama mimi, akangoja.

"Miye njo mama yake mudogo," nilisema. "Niko."